Kasuku wa Dola 350: Jinsi ya Kutambua Utapeli katika Matangazo ya Wanyama Mtandaoni

Mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani

Watu wengi nchini Marekani hulipia mnyama ambaye hawatamwona kamwe. Wamemwona pichani tu: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kima mchanga aliyevishwa nepi, kalunguyeye aliyejikunja kiganjani. Wameandikiana na mwenye mnyama, wamepatana bei, wametuma fedha. Kisha huja dai jingine, na jingine tena, mpaka fedha zinapokwisha au mlipaji anapozinduka. Mnyama hakuwapo tangu mwanzo.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini idara ya afya ya umma iandike juu ya biashara ya ndege na kima. Sababu ni mbili. Fedha zinazoibwa kwa njia hii mara nyingi ndizo zilizokuwa za kodi ya nyumba, dawa na chakula, na familia iliyokosa vitu hivyo hufika kwetu ikiwa mgonjwa. Tena, soko hilohilo linalouza wanyama wasiokuwapo huuza pia, ingawa kwa nadra, wanyama waliopo kweli lakini waliopitishwa kwa magendo bila kuonwa na daktari yeyote. Wanyama hao huingia nyumbani na magonjwa yao.

Hatusemi kwamba wahamiaji ni wepesi wa kudanganywa kuliko wenyeji. Wamarekani wa kila elimu hudanganywa vilevile. Hata hivyo, yako mambo ambayo tapeli hupata faida kwayo katika nyumba zetu. Mara nyingi anayesoma Kiingereza vizuri ni mtoto, na ndiye aliyeshika simu. Wazazi huamini kwa haraka mtu anayetaja jina la Mungu katika kila ujumbe. Na likitajwa jina la polisi au la ofisi ya serikali, wengi huona afadhali kulipa kuliko kuuliza.

Tangazo linavyoandikwa

Facebook hairuhusu watu binafsi kuuza wanyama katika soko lake, na Craigslist hairuhusu kuuza wanyama wa nyumbani, ila kuwatafutia makazi mapya kwa ada ndogo. Kwa sababu hiyo tangazo la utapeli mara nyingi halisemi kwamba mnyama anauzwa. Husema anatolewa, au anatafutiwa watu watakaompenda, na kwamba kinachotakiwa ni gharama za usafiri pekee. Mwenye mnyama huwa amefiwa na mume, au amehamishwa kikazi, au ni mmisionari anayesafiri kwenda kuhubiri. Hadithi hiyo ina kazi yake: inaeleza kwa nini bei ni ndogo, na kwa nini mtu huyo hawezi kukutana nawe.

Bei ndiyo dalili ya kwanza. Kasuku wa kijivu aliyezaliwa na kulelewa Marekani kwa kawaida huuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja. Kima wadogo wa Amerika Kusini waitwao mamoseti huuzwa kwa maelfu ya dola. Anayekutolea mmoja wao kwa dola 300 hajakuhurumia. Amechagua kiasi ambacho familia yenye mshahara mdogo yaweza kukikusanya kwa juma moja bila kumshirikisha mtu wa tatu.

Tazama pia lugha. Siku hizi tapeli akigundua jina lako au mahali utokako, aweza kukuandikia kwa Kiswahili kilichotolewa na mashine. Atasema ndege wake anatafuta “nyumba ya milele”, bila kujua kwamba kwa Mswahili maneno hayo humaanisha kaburi. Ukikutana na Kiswahili cha namna hiyo, usikifurahie kama ishara ya undugu. Wala Kiingereza chenye makosa si ushahidi peke yake, kwa maana sisi wenyewe twaandika Kiingereza chenye makosa na hatumdanganyi mtu.

Picha huibwa. Zimechukuliwa kwa wafugaji halisi, na picha moja yaweza kuwa katika matangazo kumi yenye majina na miji tofauti. Simu nyingi zina programu ya kutafuta picha, kama Google Lens: unaiweka picha ya tangazo, nayo inakuonyesha mahali pengine ilipotumika. Ukimkuta kima yuleyule, mwenye nepi ileile, anauzwa Texas, Ohio na Uingereza kwa wakati mmoja, habari imekwisha. Picha isipoonekana mahali pengine, hiyo bado haithibitishi kitu.

Kuna wanaotangaza mayai ya kasuku, wakidai utayatotoa nyumbani kwa mashine. Hata kama yai la kweli lingefika, kifaranga wa kasuku hutoka bila manyoya na macho yakiwa yamefumba, naye huhitaji kulishwa kwa mkono usiku na mchana. Mfugaji anayejua kazi yake hampelekei mtu asiyemfahamu jambo kama hilo kwa posta.

Na kwa wengi wetu kasuku huyu si mnyama wa kigeni hata kidogo. Familia iliyotoka Kindu au Kisangani inamjua, imemsikia akipita juu ya miti alfajiri, pengine babu alikuwa naye uani. Tapeli hajui hayo yote, lakini anajua kwamba mtu aliye mbali na kwao hununua kumbukumbu kwa bei yoyote. Tangazo lisemalo “ndege huyu ametoka kwenu” lisomwe kwa tahadhari maradufu, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Hasara kubwa iko katika malipo ya pili

Tuchukue mfano. Tumeutunga kutokana na mwenendo unaojulikana wa utapeli huu. Si habari ya familia fulani.

Mama anaonyeshwa na binti yake tangazo la kasuku wa dola 350, pamoja na usafiri. Muuzaji yuko jimbo jingine. Anajibu upesi, kwa upole, na kuuliza maswali ambayo mfugaji mwema angeuliza: nyumbani kuna watoto wangapi, kuna paka, nani atakuwapo mchana? Maswali haya hugeuza mambo, kwa kuwa sasa mnunuzi ndiye anayeona anapimwa na anataka kufaulu. Mama anatuma dola 350 kwa Zelle. Anapewa namba ya kufuatilia mzigo na anwani ya tovuti ya kampuni ya kusafirisha wanyama. Akiifungua anaona ramani, na kasuku “yuko njiani”.

Kesho yake kampuni ile inaandika. Hali ya hewa imebadilika, ndege anahitaji kizimba chenye joto maalumu, dola 480, na fedha hizo zitarudishwa mlangoni wakati wa kumkabidhi. Mama analipa. Siku ya pili inatakiwa bima, dola 720, nayo itarudishwa. Siku ya tatu kasuku amezuiwa karantini katika uwanja wa ndege, hana maji, na chanjo yake ni dola 950. Binti analia. Akijumlisha, mama ataona kwamba kasuku wa dola 350 amefikia dola 2,500, na malipo yote yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko bei yenyewe.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu aendelee? Kwa sababu kila dai limeambatana na ahadi ya kurudishiwa, na kila alipolipa aliongeza kile ambacho angepoteza akiacha. Dola 480 hazikutolewa kununua kizimba, bali kuokoa zile 350. Dola 720 zilitolewa kuokoa 830. Tapeli haombi fedha mpya. Anaonekana anakusaidia kuzipata za zamani. Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame hata kama amesahau mengine yote: mkishapatana bei na ukalipa, dai lolote la pili kwa ajili ya kizimba, bima, chanjo, karantini au kibali ni uthibitisho kwamba hakuna mnyama. Usilipe ili kuhakikisha. Kutolipa ndiyo njia ya kuhakikisha.

Siku mama anapokataa, upole unakwisha. Ujumbe wa mwisho huja kwa jina la ofisi: umemtelekeza mnyama, ni kosa la jinai, lipa faini leo au utakamatwa. Wakati mwingine hutajwa shirika la serikali kuu linalolinda wanyamapori, pamoja na nembo yake. Anayeusoma kwa sauti ni mtoto. “Mama, wanasema watamleta polisi,” na mama asiyekuwa na uhakika wa kila karatasi yake ya uhamiaji anatafuta mahali pa kukopa. Tuseme wazi: hakuna ofisi ya serikali nchini Marekani inayotoza faini kwa WhatsApp, wala inayokulazimisha kulipa kwa kadi za zawadi za dukani, Zelle, Cash App, au sarafu za mtandaoni. Huwezi kumtelekeza mnyama ambaye hukumpokea. Usijibu ujumbe huo. Uhifadhi, utakufaa katika kuripoti.

Matangazo ambayo sheria yenyewe inayakanusha

Sheria za wanyama hazivutii kusoma, lakini ni chujio zuri, kwa sababu matapeli wengi hawazijui.

Tangu mwaka 1975 kanuni za serikali kuu zinakataza kuingiza kima, nyani, tumbili na jamaa zao nchini ili wafugwe nyumbani. Hakuna kibali kinachoweza kununuliwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mtu asemaye kima wako yuko njiani kutoka ng’ambo na amekwama forodhani kwa sababu ya kibali, anasimulia jambo lisiloweza kutokea kihalali. Kima waliozaliwa hapahapa ni suala la kila jimbo, na majimbo mengi hayaruhusu.

Kasuku wa kijivu yumo katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, uitwao CITES. Uamuzi huo ulifanyika mjini Johannesburg mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2017, na hata kabla ya hapo Marekani ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1992 ya kuzuia kuingizwa kwa ndege wa porini. Tanzania nayo ilisimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Ndege aliyetoka “kwenu” moja kwa moja, basi, ama hayupo, ama ameibwa porini. Kasuku halali nchini humu ni yule aliyetotolewa kwa wafugaji, na mfugaji wake ataweza kukuonyesha wazazi wake na pete ya mguuni.

Mbwa je? Yeye si mnyama wa kigeni, lakini utapeli wake ni wa namna ileile. Kwa kanuni zilizoanza Agosti 2024, mbwa yeyote anayeingia Marekani kutoka nje awe na umri usiopungua miezi 6. Tangazo la kitoto cha mbwa cha majuma manane kinachopandishwa ndege Ulaya au Afrika haliwezi kuwa la kweli.

Watoto wa simba, chui na chui milia hawauzwi tena kwa mtu binafsi. Sheria ya mwezi Desemba 2022 imefunga mlango huo nchi nzima. Kobe wadogo wa majini wenye gamba lisilofika inchi 4 hawaruhusiwi kuuzwa kama wanyama wa nyumbani tangu 1975, kwa sababu watoto waliwatia mdomoni na kuugua salmonela. Kuhusu wengine, majimbo hayafanani: California hairuhusu kufuga kalunguyeye, na Hawaii hairuhusu kufuga nyoka wa aina yoyote. Kabla ya kumwuliza muuzaji bei, uliza ofisi ya wanyamapori au ya kilimo ya jimbo lako kama mnyama huyo anaruhusiwa. Na kama mmepanga nyumba, soma mkataba wa upangaji. Wapo waliopata mnyama halali wakapoteza nyumba.

Mwone akiwa hai

Mnadani kwetu hakuna anayenunua mbuzi kwa sifa. Mbuzi hutolewa zizini, hufunguliwa mdomo, meno yakahesabiwa, na mwenye mbuzi haoni kwamba ametukanwa. Mtandaoni watu hao hao huona haya kuomba, wasije wakaonekana hawamwamini mtu. Omba bila haya.

Njia bora ni kwenda mwenyewe, mchana, pamoja na mtu mzima mwingine, na kumwona mnyama, mahali anapoishi na karatasi zake kabla ya kutoa hata senti moja. Kukutana katika kliniki ya daktari wa wanyama ni vizuri zaidi. Ikiwa muuzaji yuko mbali, omba simu ya video ya moja kwa moja, na umwambie aweke kando ya mnyama karatasi aliyoandika jina lako na tarehe ya leo. Wengi hukatikia hapo: kamera imeharibika, mtandao ni mbovu, wako safarini. Lakini fahamu kwamba video nayo siku hizi yaweza kubuniwa na kompyuta. Ikiwa huwezi kumfikia mnyama kwa miguu yako au kwa miguu ya ndugu unayemwamini aishiye karibu naye, ushauri wetu ni kuacha.

Mnyama anayevuka mpaka wa jimbo kwa kawaida hutakiwa kuwa na hati ya ukaguzi wa afya iliyotiwa sahihi na daktari wa wanyama. Ukitumiwa hati kama hiyo, tafuta namba ya kliniki wewe mwenyewe kisha upige. Usipige namba iliyoandikwa katika hati, kwani anayeghushi hati hughushi na namba. Wauzaji wengi wa wanyama wa kigeni wanahitaji pia leseni ya Idara ya Kilimo ya Marekani, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya idara hiyo. Muuzaji halisi akiulizwa namba ya leseni huitaja. Tapeli hukasirika, au hutuma picha ya cheti chenye mihuri mingi.

Kuhusu malipo: Zelle, Cash App, Western Union, MoneyGram, kadi za zawadi na bitikoini ni sawa na fedha taslimu iliyokwisha kutoka mkononi. Kadi ya mkopo ndiyo inayokupa nafasi ya kupinga malipo. Usitume picha ya leseni ya udereva, kadi ya ukazi wala namba ya hifadhi ya jamii kwa ajili ya “mkataba wa kumlea mnyama”. Wako matapeli ambao fedha za kasuku kwao ni nyongeza tu. Walichotaka ni jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa.

Ipo hila nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha katika jumuiya zetu. Mtu, pengine anayejiita Mkenya au Mkongo mwenzako, anakupa kazi rahisi: upokee malipo ya “wateja wa biashara ya wanyama” katika akaunti yako ya benki, ubaki na kiasi kidogo, na kilichobaki ukitume nje. Fedha hizo ni za waliotapeliwa. Benki yaweza kufunga akaunti yako, nawe waweza kushitakiwa hata kama hukumjua mnunuzi hata mmoja, na kwa asiye raia kesi ya udanganyifu ni jambo zito kupita fedha zenyewe. Kijana wako anayetafuta kazi mtandaoni asomewe aya hii.

Ikiwa mnyama amefika kweli

Mwaka 2003 mzigo wa wanyama wadogo kutoka Ghana uliingia Texas ili kuuzwa. Miongoni mwao walikuwamo panya buku, wale ambao kule Morogoro wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Baadhi ya wanyama wa mzigo huo walikuwa na virusi vya mpox, ugonjwa ulioitwa zamani ndui ya nyani. Mfanyabiashara mmoja wa Illinois aliwaweka karibu na wanyama wa Kimarekani wa jamii ya kindi waishio mashimoni. Kindi hao wakaambukizwa, wakauzwa majumbani, na watu 47 katika majimbo sita wakathibitishwa au kudhaniwa kuwa wameugua, wakiwamo watoto. Hakuna aliyekufa. Tangu mwaka huo panya na jamaa zao kutoka Afrika hawaruhusiwi kuingizwa Marekani kwa biashara. Tunakumbusha kisa hiki kwa sababu waliougua hawakununua panya kutoka Afrika. Walinunua mnyama wa hapahapa, aliyeonekana mzima, kwa muuzaji ambaye hawakujua mzigo wake ulipitia wapi.

Kila mnyama ana hatari yake. Kasuku aweza kuwa na homa ya kasuku, inayoambukiza kwa vumbi la kinyesi na manyoya. Mtu huanza na homa, kichwa na kikohozi kikavu, na daktari asipoambiwa kuhusu ndege aweza kudhani ni mafua. Mijusi, nyoka, kobe na kalunguyeye hubeba salmonela bila wao kuugua. Watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasiwashike. Kizimba kisioshwe kwenye sinki la jikoni. Kima wa Asia waitwao makaki wengi wana virusi ambavyo kwao ni jambo dogo, lakini kwa binadamu vyaweza kuharibu ubongo na kuua.

Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote kati ya hawa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kwa daktari siku hiyohiyo. Mtaje mnyama kwa jina. Usiseme ni paka wa jirani kwa kuogopa kwamba kima haruhusiwi, kwa maana tiba ya jeraha la kima si tiba ya jeraha la paka. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza, karibu kila mara huua. Chanjo ikitolewa mapema huzuia. Katika sehemu nyingi daktari huiarifu idara ya afya mtu anapoumwa na mnyama, na lengo ni kuzuia kichaa. Hatutaficha kwamba mnyama asiyeruhusiwa aweza kuchukuliwa, na wakati mwingine hupimwa kwa njia isiyomwacha hai. Hata hivyo usimwachie porini wala usimpe mtu mwingine. Mfungie chumba cha peke yake, watoto wasikaribie, na uipigie simu idara ya afya ya eneo lako.

Ikiwa umekwisha kulipa

Acha kulipa sasa. Piga simu benki au kampuni uliyotumia kutuma, leo, na useme umetapeliwa. Malipo ambayo hayajapokelewa huweza kusimamishwa. Kama ulitumia kadi ya mkopo, andika kupinga malipo hayo ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Kama ulitoa kadi za zawadi, ipigie kampuni iliyozitoa ukiwa na kadi na risiti mkononi. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini za tangazo, ujumbe, majina na namba zote.

Ripoti kwa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu kupitia ReportFraud.ftc.gov, na kwa kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, ic3.gov. Fomu ya tume huuliza kilichotokea, kiasi na njia ya malipo. Haiulizi hali yako ya uhamiaji. Ikiwa ulitoa namba yako ya hifadhi ya jamii, ziombe Equifax, Experian na TransUnion zifunge taarifa zako za mikopo, jambo ambalo tangu mwaka 2018 halina malipo.

Baada ya majuma machache aweza kukutafuta mtu mwingine, anayejiita wakili au mpelelezi, akisema amezipata fedha zako na anahitaji ada kidogo ili kuzirudisha. Mara nyingi ni tapeli yuleyule, au mtu aliyeuziwa namba yako naye.

Ukiipigia simu idara ya afya au hospitali, anayepokea huenda asijue Kiswahili. Tamka neno “Swahili”, usikate, na usubiri mkalimani. Hospitali na ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Mtoto asiwekwe kutafsiri habari za jeraha, vitisho au fedha zilizopotea, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wote nyumbani.